Neno "waathirika" linamficha aliyeathiri

Mhariri,

Kikombe kikivunjika, mtu huokota vigae akaendelea na shughuli zake. Kikivunjwa, lazima aulizwe aliyekivunja. Aliyesoma sarufi anaijua tofauti hiyo: kauli ya kutendeka haimhitaji mtenda, kauli ya kutendwa inamdai hata asipotajwa. Sasa tazameni maneno tunayoyakuta kila siku katika habari za watu walioonewa: waathirika, waliotoweka, waliokosa makazi, wanyonge. Yote yanaeleza hali iliyowashukia watu kama mvua. Hakuna aliyeathiri, aliyetowesha wala aliyebomoa.

Naleta hoja hii kwa sababu safu za maoni siku hizi zinataja "falsafa ya ukombozi" na "maadili ya waliokandamizwa" kwa maana ya kuwaonea huruma wanyonge na kuwa sauti ya wasio na sauti. Waliojenga falsafa hiyo huko Amerika ya Kilatini wangeshangaa. Kwao, ukimwita mtu asiye na sauti umekiri kwamba hujamsikiliza. Fikra zao zina historia, zina vipimo, na zina mahali ambapo hukwama, na ni vyema wasomaji wakavijua kabla jina hilo halijachakaa.

Nianze na Argentina, ambako sarufi ilikuwa suala la uhai na kifo. Chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 watu walikamatwa na hawakuonekana tena. Watawala wakasema wametoweka. Kwa Kihispania, kama kwa Kiswahili, kitenzi hicho hakibebi yambwa, yaani mtendwa. Jamaa zao wakakilazimisha kibebe, wakawa wanasema watoto wao wametoweshwa, na neno likashika. Tarehe 30 Aprili 1977 akina mama 14 walikusanyika Plaza de Mayo jijini Buenos Aires, mbele ya ikulu. Polisi wakawaambia hairuhusiwi kusimama kwa makundi, watembee. Basi wakatembea: wawili wawili, wameshikana mikono, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja. Baadaye ikawa kila Alhamisi, na kichwani kitambaa cheupe ambacho mwanzoni kilikuwa nepi ya mtoto. Amri iliyokusudiwa kuwatawanya ndiyo iliyowapa mwendo wao.

Falsafa yenyewe ilikuwa imeshazaliwa kabla ya hapo. Mwaka 1968 Augusto Salazar Bondy wa Peru aliuliza kama Amerika ya Kilatini ina falsafa yake, akajibu kwamba jamii inayotawaliwa kutoka nje hutoa fikra za kuiga, na haitapata za kwake mpaka itikise huo utawala. Leopoldo Zea wa Meksiko akambishia mwaka uliofuata: kufikiri juu ya matatizo yako ni falsafa tosha, haisubiri cheti. Ubishi huo ukadakwa na vijana wa Argentina mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliyekuja kujulikana zaidi miongoni mwao ni Enrique Dussel (1934–2023). Oktoba 1973 nyumba yake mjini Mendoza ililipuliwa kwa bomu. Mwaka 1975 alikimbilia Meksiko, akafundisha huko kwa miongo iliyobaki ya maisha yake. Falsafa hii isichanganywe na teolojia ya ukombozi, mkondo wa fikra za Kikristo uliopewa jina na Gustavo Gutiérrez wa Peru katika kitabu chake cha 1971. Ni ndugu, wamelelewa nyumba moja, lakini teolojia huanza na imani; falsafa inataka hoja zake zimfikie hata asiyeamini.

Hoja ya Dussel juu ya 1492 huingia katika Kiswahili bila jasho. Vitabu vya shule vinasema Columbus "aligundua" Amerika, alifunua kilichokuwa kimefichika. Dussel akasema kilichotokea ni kinyume: watu wa huko walifunikwa. Hawakuonekana kama watu wengine wenye ulimwengu wao; walionekana kama Wazungu ambao hawajakamilika, malighafi ya kukamilishwa. Kisha akaongeza jambo linalowaudhi walimu wengi wa falsafa hadi leo. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alichapisha hoja yake ya "ninafikiri, kwa hiyo nipo" mwaka 1637, karibu karne moja na nusu baada ya Columbus kutia nanga. Kabla ya "ninafikiri" kulikuwa na "ninateka", na yule anayefikiri kwa utulivu chumbani amekalia mali ya yule aliyeteka.

Waliofunikwa hawakunyamaza. Felipe Guaman Poma de Ayala, mzawa wa milima ya Andes nchini Peru, alimwandikia Mfalme Felipe III wa Hispania waraka wa kurasa karibu 1,200 wenye michoro 398, akaumaliza kiasi cha mwaka 1615. Ndani yake anaeleza uonevu wa maofisa, mapadri na wenye migodi, kisha anapendekeza namna ya kutawala vizuri zaidi. Waraka huo ulikuja kukutwa na mtafiti mwaka 1908, kwenye maktaba ya kifalme ya Copenhagen. Sauti ilikuwepo, imeandikwa na kuchorwa. Kilichokosekana ni msomaji. (Nayo ilikuwa barua, Mhariri. Yangu nitajitahidi iwe fupi.)

Sasa vipimo. Katika kitabu chake kikubwa cha maadili cha 1998 Dussel aliweka kanuni tatu za kuupima mfumo wowote, halafu akazirudia zote tatu kutoka upande wa wale ambao mfumo umewaumiza. Mfano unasaidia kuliko fasili, na wangu ni maji ya Cochabamba, Bolivia. Septemba 1999 serikali ilitia saini mkataba wa miaka 40 ukiukabidhi muungano wa makampuni huduma ya maji ya mji huo. Mwezi uliofuata ikapitishwa Sheria namba 2029, iliyompa mwenye mkataba haki ya pekee katika eneo lake, kiasi kwamba hata visima ambavyo kamati za mitaa zilichimba kwa michango na mikono yao vingeweza kuangukia kwake. Januari 2000 ankara mpya zikafika. Baadhi zilikuwa zimepanda maradufu.

Kanuni ya kwanza ni uhai: je, watu wanaweza kuishi, kulea na kustawi ndani ya mpangilio huu? Dussel anaiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu maiti haijadiliani. Ya pili ni makubaliano: je, wote wanaoguswa na uamuzi wameshiriki kwa usawa na kwa hoja, bila vitisho? Ya tatu ni uwezekano: je, jambo hili linatekelezeka kwa mabomba yaliyopo, fedha zilizopo, watu waliopo? Serikali ya Bolivia ilitetea mkataba kwa kanuni ya tatu peke yake. Shirika la umma lilikuwa na madeni na mabomba yanayovuja, na aliyekuwa tayari kuwekeza alitaka faida. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kosa lilikuwa kuifanya kanuni ya tatu iwe ya kwanza na ya mwisho.

Kanuni ya pili ndiyo iliyomfanya Dussel abishane kwa miaka na mwanafalsafa Mjerumani Karl-Otto Apel, kuanzia mkutano wao wa Freiburg mwaka 1989. Apel alijenga maadili juu ya mazungumzo: jambo ni halali likikubaliwa na wote walioguswa, kwa hoja. Vizuri, alisema Dussel, lakini wale ambao hawakuitwa mezani utawajuaje? Walioko mezani wanaweza kukubaliana kwa nia njema kabisa na bado wakawaua walioko nje. Wakati wa kutia saini huwezi kumwona ambaye hayupo. Unamwona baadaye, anapokuja na ankara mkononi.

Hapo ndipo upande wa pili wa vipimo unapoanza, na ndio wengi wanauruka. Hatua ya nne, baada ya kanuni zile tatu: aliyeumizwa anajitokeza, na maumivu yake yanahesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya mfumo uliojiita mwema. Hatua ya tano: walioumizwa wanakutana na kukubaliana wao kwa wao juu ya nini kimewapata, kimesababishwa na nani, na wanataka nini. Cochabamba ilifanya hivyo kwa mpangilio unaostahili kuigwa. Wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa umwagiliaji na kamati za maji za mitaa waliunda chombo kimoja cha uratibu. Maamuzi makubwa yalipelekwa kwenye mikutano ya wazi uwanjani. Machi 2000 wakaendesha kura ya maoni yao wenyewe, meza zikapangwa mitaani, na takriban watu 50,000 wakapiga kura. Karibu wote walitaka mkataba uvunjwe. Wataalamu walikuwepo, wachumi na wahandisi, lakini walikuja kuandaa takwimu za kujibu maswali yaliyoulizwa uwanjani. Mtaalamu akija na maswali yake tayari, hatua ya tano imekufa, hata kama majibu yake ni sahihi.

Hatua ya sita ni kubadili. Aprili ile serikali ilitangaza hali ya hatari, kijana wa miaka 17 akauawa kwa risasi, na siku chache baadaye mkataba ukafutwa na sheria ikarekebishwa. Masimulizi mengi ya ushindi huishia hapo, na huishia mapema mno. Huduma ilirudi kwa shirika lile lile la umma, na mabomba yale yale yanayovuja. Mitaa ya kusini mwa mji, ambako maskini zaidi walikuwa wakinunua maji ya magari ya kuuza kwa sababu bomba halikuwahi kufika, mingi iliendelea kununua. Kanuni ya uwezekano, iliyotumiwa vibaya na serikali, washindi nao waliiacha njiani. Dussel alilitarajia jambo hili kinadharia: hakuna mpangilio wa kibinadamu usiozalisha wanaoumia, hata ule uliojengwa na walioumizwa jana. Ndiyo maana hazungumzii mfumo mwema. Anazungumzia mfumo unaodai wema kwa unyoofu na kukubali kupimwa tena kila anapojitokeza mwenye jeraha jipya.

Wapinzani huuliza swali la haki hapa: ikiwa kila mtu aweza kusema ameumizwa, tunamwamini nani? Mwenye kiwanda husema anakandamizwa na mgomo. Mwenye shamba husema ameonewa kwa kupunguziwa ekari. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, alishalijibu kwa ukali: aliyezoea upendeleo akiwekewa mpaka huhisi ameonewa kweli kweli, wala haigizi. Hisia basi haitoshi kuwa kipimo. Kipimo ni kile cha kwanza: kilichozuiwa ni uhai wa mtu, au ni uwezo wake wa kuwazuia wengine kuishi? Tena, anayeumia ana haki ya kusikilizwa kwanza, ambayo ni tofauti na haki ya kuwa sahihi daima. Anaweza kukosea chanzo cha maumivu yake, na mara nyingi humlaumu jirani aliye maskini zaidi yake. Kazi ya hatua ya tano ni kusahihisha hayo, kwa mjadala baina ya wenzake.

Mjadala huo una ufundi wake, na Freire aliufafanua kuliko mtu yeyote. Mwaka 1963 huko Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazili, vibarua 300 walifundishwa kusoma kwa saa 40. Tukumbuke kwamba Brazili ya wakati huo ilimnyima kura asiyejua kusoma, na iliendelea kumnyima hadi 1985. Saa 40 zilimtoa mtu upande mmoja wa katiba zikampeleka upande wa pili. Mwaka uliofuata serikali ilikuwa inapanga duru za masomo, yaani vikundi vya kujadiliana na kujifunza, 20,000 nchi nzima. Jeshi likapindua nchi, mpango ukafutwa Aprili 1964, Freire akatupwa rumande kama siku 70 kisha akaenda uhamishoni.

Kazi ilianza kwa kusikiliza. Kikundi kinakaa na watu wa mahali, kinaandika maneno wanayoyatumia wenyewe, kwa lafudhi yao. Kutoka orodha hiyo yanachaguliwa maneno 15 hadi 18 kwa vigezo vitatu: neno liwe na silabi nyingi tofauti, matamshi yapangwe kutoka rahisi kwenda magumu, na liwe linagusa maisha. Kwa kila neno inachorwa picha ya hali ambamo neno hilo huishi. Kwa mfano neno la Kireno tijolo, yaani tofali: picha inaonyesha watu wakijenga. Duru inaijadili picha kwanza. Nyumba ni ya nani? Anayefyatua tofali analala wapi? Baada ya hapo tu ndipo neno linaonyeshwa, linakatwa ti-jo-lo, na kila kipande kinaletwa na jamaa zake: ta, te, ti, to, tu, ja, je, ji, jo, ju, la, le, li, lo, lu. Watu wanaachiwa wayaunganishe. Usiku huo huo wa kwanza hutokea loja (duka), lote (kiwanja), luta (mapambano). Hakuna aliyewapa maneno hayo.

Kiswahili, chenye irabu tano na silabi ambazo karibu zote huishia kwa irabu, kinaikubali njia hii kuliko hata Kireno. Chukua kodi: ka, ke, ki, ko, ku, da, de, di, do, du. Pale pale unapata duka, kadi na, ukiongeza irabu moja, dai. Lakini angalieni linaloharibika. Waigaji huchukua silabi wakaacha picha, na kinachobaki ni "ba be bi bo bu" ya kuimba kwa pamoja, ambayo haikumkomboa yeyote. Kosa la pili ni picha yenyewe: ikiwa wazi mno inakuwa bango la kampeni, ikiwa fumbo mno watu wanaanza kubahatisha jibu analolitaka mratibu. La tatu ni mratibu anayeuliza swali, anahesabu hadi tatu moyoni, halafu anajibu mwenyewe. Kimya kirefu humtisha aliyezoea kuhubiri. Na la nne, lililo gumu kuliko yote, limo ndani ya wajadilianaji: aliyekandamizwa muda mrefu huwa amembeba mkandamizaji kifuani. Picha yake ya uhuru ni kuwa mnyapara. Asipopata nafasi ya kuiona ndoto hiyo na kuicheka, atakapopanda cheo atashika kiboko kile kile.

Hapa neno letu "ukombozi" lina mtego. Kukomboa, kwa asili, ni kulipia kitu kilichowekwa rehani ili kirudi. Kitu hakijikomboi, anakuja mwenye fedha. Ukilitumia neno hilo bila kuangalia, tayari umemleta mwokozi mlangoni na umemfanya mtu kuwa kitu kwenye rafu. Freire alikataa pande mbili kwa pamoja: hakuna anayemkomboa mwenzake, na hakuna anayejikomboa peke yake. Kiswahili kinalo jibu ndani ya mnyambuliko wake: kukomboana. Ningependa kuliona neno hilo likiandikwa.

Falsafa hii ina madoa, na wanaoisifu bila kuyataja wanaidhulumu. Horacio Cerutti, aliyekuwa ndani ya kundi la mwanzo la Argentina, aliandika mwaka 1983 akiwakosoa wenzake kwa kuzungumza juu ya "umma" kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na matabaka, na kwa mwanafalsafa kujivika joho la nabii. Dussel wa mwanzo aliandika juu ya wanawake na juu ya mapenzi ya jinsia moja mambo ambayo baadaye alilazimika kuyabadili. Freire alipokea barua nyingi za wanawake wa Marekani wakimuuliza kwa nini katika kitabu chake juu ya elimu ya waliokandamizwa kila aliyekandamizwa ni mwanamume. Mwanzoni alijitetea kwamba ndivyo lugha ilivyo, kisha akakubali kosa na kulieleza hadharani mwaka 1992. Kiswahili chetu hakina "yeye" wa kike na wa kiume, kwa hiyo tunaweza kurudia kosa lile lile bila hata kuandikiwa barua.

Nina ombi moja, Mhariri, na halihitaji bajeti. Kuna magazeti ya Kiswahili ambayo tayari huandika "waathiriwa", kwa kauli ya kutendwa. Yaigeni. Kisha chukueni sentensi ya kawaida ya chumba cha habari: "Familia kadhaa zimeathirika kufuatia zoezi la bomoabomoa." Zoezi halibomoi. Mwandishi arudishiwe habari yake aandike nani alizibomolea nyumba hizo familia, kwa amri ya nani, wenyewe wanasema nini, na walipokutana walikubaliana nini. Asipompata aliyetoa amri, asiifute nafasi yake kwa kitenzi laini. Aiache wazi ndani ya sentensi, iandikwe: "Aliyetoa amri hajajitaja."

Msomaji wenu,
Mfundishaji wa falsafa